Kapteni Allen Gardiner: Askari wa Majini Ambaye Hakustaafu



Kila mwezi wa Novemba makanisa yetu mengi huwa na Jumapili ya kuwakumbuka askari waliokufa vitani. Majina husomwa, watu husimama kimya, na sala huombwa. Ni desturi njema. Lakini wako askari wengine ambao hatuwataji mara nyingi, nao ni wale waliorudi nyumbani wakiwa hai. Askari huyu amevua sare, amepokea malipo yake, na anakaa barazani kwake. Watu humwita mzee mstaafu. Je, utumishi wake umekwisha? Au Mungu bado ana kazi ya kumpa?

Mwezi huu tumeona vema kuwaeleza maisha ya askari mmoja wa namna hiyo. Jina lake ni Allen Gardiner. Kanisa la Uingereza limeliweka jina lake katika kalenda, tarehe 6 Septemba. Aliaga dunia mwaka 1851, mbali sana na kwao, kwa njaa, bila kumbatiza hata mtu mmoja katika nchi ile aliyoifia. Hata hivyo leo wako Wakristo maelfu katika Amerika ya Kusini ambao wanamhesabu kuwa mmoja wa baba zao katika imani. Jinsi jambo hili lilivyotokea ndilo tunalotaka kulieleza.

UTOTO NA VITA

Allen Gardiner alizaliwa mwaka 1794 huko Basildon, katika jimbo la Berkshire, Uingereza. Baba yake na mama yake walikuwa watu wacha Mungu, wakamlea katika Kanisa. Siku zile Uingereza ilikuwa vitani na Ufaransa, na mtoto huyu hakuwaza kitu kingine ila bahari na vita. Husimuliwa kwamba usiku mmoja mama yake aliingia chumbani akamkuta amelala sakafuni, ameacha kitanda chake kitupu. Alipoulizwa sababu, alijibu kwamba atakuwa msafiri atakapokuwa mkubwa, hivyo yampasa kuuzoeza mwili taabu mapema. Tena alikuwa akisoma kitabu cha msafiri Mungo Park aliyetembea Afrika ya Magharibi, akanakili maneno ya lugha ya Kimandinka yaliyomo ili ajifunze. Kumbe Mungu alikuwa akimwandaa, wala yeye mwenyewe hakujua.

Mwaka 1808 aliingia chuo cha jeshi la majini huko Portsmouth, na mwaka 1810 akapanda merikebu akiwa kijana wa miaka 16. Wakati ule Uingereza iliingia vita na Marekani pia. Tarehe 28 Machi 1814, karibu na bandari ya Valparaíso katika nchi ya Chile, manowari ya Kiingereza iitwayo Phoebe, aliyokuwamo Gardiner, ilipigana na manowari ya Marekani iitwayo Essex na kuiteka. Gardiner alijionyesha kuwa shujaa katika vita hiyo. Akawekwa miongoni mwa wale walioipeleka Essex Uingereza, na kabla ya mwaka kwisha akapewa cheo cha luteni.

Baada ya hapo alisafiri katika manowari mbalimbali: Rasi ya Tumaini Jema, Seilani, India, Penang, na tena pwani za Amerika ya Kusini. Alikuwa afisa hodari na mtu wa kupendeza. Lakini ile imani aliyolelewa nayo aliiacha nyuma, kama vijana wengi wanaoondoka nyumbani kwenda kutafuta kazi mijini. Mama yake alikuwa ameaga dunia. Siku moja, huko Portsmouth, moyo ulimsumbua akaenda kununua Biblia. Lakini aliona haya mno! Alitembea huku na huku mbele ya duka, akingoja wateja wote watoke, ndipo akaingia na kuiomba. Huyu ndiye aliyesimama bila hofu mbele ya mizinga ya Essex, naye aliogopa kuonekana akinunua Biblia. Ni wangapi kati yetu walio hivyo hata leo?

Mwaka 1820, akiwa safarini upande wa mashariki, zilimfikia barua kutoka nyumbani. Moja ilikuwa ya baba yake, iliyomwonya. Nyingine ilitoka kwa bibi mmoja mcha Mungu aliyekuwa rafiki wa marehemu mama yake, naye alimkumbusha imani ya mama yake. Wakati huo huo aliona watu wakiabudu katika mahekalu ya sanamu, akajiuliza ni nani atakayewaletea Habari Njema, na yeye mwenyewe anamwabudu nani. Barua zile zilimvunja moyo wake mgumu. Akarudi kwa Bwana, na tangu siku hiyo hakugeuka nyuma. Ninyi wazazi, msikate tamaa kuwaandikia watoto wenu.

NDOA, KIFO NA NADHIRI

Mwaka 1823 Gardiner alimwoa Julia Reade, binti wa jamaa moja ya Oxfordshire, wakajaliwa watoto watano. Mwaka 1826 alipandishwa cheo kuwa kamanda. Lakini vita zilikuwa zimekwisha, manowari nyingi zilikuwa zimefungwa bandarini, na maafisa walikuwa wengi kuliko kazi. Baada ya kupanda cheo hicho hakupewa kazi tena. Alikuwa na umri wa miaka 32 tu, na maisha yake ya jeshi yalikuwa yamekwisha.

Alikaa nyumbani na mkewe na watoto kwa miaka kadhaa. Kisha Julia akaugua, na mwezi wa Mei 1834 akaaga dunia. Gardiner alibaki mjane mwenye watoto wadogo. Katika huzuni ile aliweka nadhiri mbele za Mungu kwamba nguvu zake zote zilizosalia atazitumia kupeleka Injili mahali ambapo bado haijafika. Hakuwa padre. Hakuwa na chama cha misheni nyuma yake. Alikuwa mlei, askari mstaafu. Kabla mwaka huo haujaisha alikuwa safarini kuja Afrika.

NCHINI KWA WAZULU

Mwaka 1835 Gardiner alifika katika nchi ya Wazulu, akamwomba mfalme Dingane ruhusa ya kufundisha neno la Mungu. Mfalme na wakuu wake hawakukubali mara moja. Wao walipenda zaidi kujua habari za bunduki. Basi alikwenda kwanza pwani, mahali palipoitwa Port Natal, ambapo palikuwa na wafanya biashara Wazungu wachache na Waafrika wengi waliomkimbia mfalme. Hapo alianza kufundisha, juu ya kilima alichokiita Berea, kwa kukumbuka watu wa Berea katika Matendo ya Mitume waliolipokea neno kwa moyo. Jina hilo liko hata leo. Mwezi wa Juni 1835 yeye na wakazi wa pale walikutana wakaamua kujenga mji, nao ndio mji mkubwa wa Durban.

Hapa yatupasa kusema ukweli wote, maana Biblia yenyewe haifichi makosa ya watakatifu. Ili kuleta amani, Gardiner alifanya mapatano na Dingane kwamba wakimbizi waliokwisha kufika Port Natal waachwe salama, lakini watakaokimbia baadaye warudishwe. Akawarudisha baadhi yao yeye mwenyewe, akiomba maisha yao yahifadhiwe. Hawakuhifadhiwa, walikufa mikononi mwa mfalme. Alikuwa na nia njema, lakini nia njema haikuwaokoa watu wale. Amani inayonunuliwa kwa maisha ya wanyonge si amani.

Mwaka 1836 alirudi Uingereza kutafuta wahubiri, akamwoa Elizabeth Marsh, binti wa kasisi. Mwaka 1837 alirudi Natal pamoja na mkewe na watoto, na katika safari hiyo alimpoteza binti yake mkubwa. Padre Francis Owen wa chama cha C.M.S. alikuja pia, akakaa karibu na mji wa mfalme. Lakini mwezi wa Februari 1838 Dingane aliwaua Piet Retief na Makaburu aliofuatana nao, na vita kubwa ikaanza. Wahubiri wote walilazimika kuondoka. Kazi ya miaka mitatu ilionekana kuwa imezama.

MLANGO BAADA YA MLANGO

Mtu mwingine angerudi nyumbani na kusema kwamba amejaribu. Gardiner aliichukua jamaa yake, akavuka bahari mpaka Amerika ya Kusini. Kutoka Buenos Aires walisafiri kwa gari la kukokotwa kupita mbuga kubwa za Argentina, kisha wakapanda milima ya Andes, mume, mke na watoto, mpaka Chile. Aliwatafuta wenyeji wa nchi ile, wale waliokuwapo kabla ya Wahispania, ambao aliwaona tangu siku zake za manowari na hakuwasahau. Wakuu wao walimpokea kwa adabu, lakini hawakutaka mgeni akae katikati yao. Walikuwa na sababu, kwani wageni waliotangulia waliwanyang'anya ardhi.

Akaenda mpaka visiwa vya mashariki ya mbali vilivyotawaliwa na Waholanzi, wakamkatalia ruhusa. Akarudi Amerika ya Kusini, mpaka kusini kabisa, Patagonia, na mwaka 1842 mkuu mmoja aitwaye Wissale akamkaribisha. Gardiner alifurahi, akakimbia Uingereza kuomba wahubiri. C.M.S. hawakuwa na fedha za kufungua kazi mpya huko.

Tukumbuke ni wakati gani huo. Mwaka 1844 Dk. Krapf wa C.M.S. alifika Mombasa, na baada ya miezi michache akamzika mkewe na mtoto wake mchanga kwenye pwani yetu. Mwaka huo huo wa 1844 Gardiner na rafiki wachache walianzisha chama kidogo huko Brighton, kilichoitwa Chama cha Misheni cha Patagonia. Kazi ya huku na kazi ya kule zilikuwa kama mapacha: watu wachache, fedha kidogo, na makaburi mengi.

Gardiner alirudi kwa Wissale mwaka 1845 pamoja na mwalimu mmoja. Safari hii mkuu alikuwa amebadilika, akawa mkali, nao wakaondoka. Halmashauri ya chama ikavunjika moyo. Gardiner akawaambia waziweke fedha walizonazo akiba, na yeye akaenda Bolivia kwa gharama yake mwenyewe. Huko nako mlango ukafungwa. Alikuwa amepita umri wa miaka 50, na kila mlango alioubisha ulikuwa umefungwa usoni pake.

NCHI YA MOTO

Ncha ya kusini ya Amerika ina visiwa viitwavyo Tierra del Fuego, maana yake Nchi ya Moto. Mabaharia wa Magellan walivipa sifa hiyo mwaka 1520 walipoona mioto ya wenyeji ikiwaka ufuoni. Lakini ni nchi ya baridi kali, mvua, theluji na dhoruba. Wenyeji wa sehemu ya kusini waliitwa Wayaghan. Walikuwa watu wa baharini, waliosafiri katika mitumbwi ya maganda ya miti huku moto ukiwaka ndani ya mtumbwi. Charles Darwin, mwanachuo maarufu, aliwaona katika miaka ya 1830, akawaandika kuwa watu duni kuliko karibu wote aliowaona duniani. Gardiner hakukubali kwamba yuko mwanadamu ambaye Kristo hakumfia.

Mwaka 1848 alikwenda kuipeleleza nchi hiyo. Akaona kwamba kazi haiwezekani bila merikebu ndogo ya kukaa ndani yake na kuhama salama. Lakini fedha za kununua merikebu hazikupatikana. Bibi mmoja wa Cheltenham alitoa pauni 700, na Gardiner mwenyewe akaongeza 300. Zilitosha kununua mashua mbili tu, kila moja urefu wa futi 26. Akaziita Pioneer na Speedwell.

Wenzake walikuwa 6. Richard Williams alikuwa daktari aliyeacha kazi nzuri. John Maidment alikuwa katekista. Joseph Erwin alikuwa seremala, na alikuwa amekwenda na Gardiner safari ya 1848. Alipoulizwa kwa nini anataka kwenda tena, alijibu kwamba kukaa na Kapteni Gardiner ni kama kuwa mbinguni duniani, kwa jinsi alivyokuwa mtu wa sala. Watatu waliobaki, John Pearce, John Badcock na John Bryant, walikuwa wavuvi wa Cornwall, waliozoea bahari mbaya. Tarehe 7 Septemba 1850 waliondoka Liverpool katika merikebu iitwayo Ocean Queen, wakiwa na chakula cha miezi 6. Mwezi wa Desemba waliteremshwa katika kisiwa cha Picton, na Ocean Queen ikaendelea na safari yake.

Ilipokwisha kutoweka machoni, waligundua jambo la kutisha. Baruti yao karibu yote ilikuwa imesahauliwa ndani ya merikebu. Walikuwa na bunduki, lakini hawakuwa na cha kuzitia. Askari yule aliyeishi na baruti tangu utoto alikuwa ameisahau baruti. Hawangeweza kuwinda ndege wala mnyama, na walikuwa wametegemea hivyo.

Taabu zikafuatana. Wenyeji waliokuwa na silaha waliwazunguka wakitaka vitu vyao, nao wakaona heri kukimbia kuliko kupigana, kwa sababu hawakuja kumwaga damu ya watu waliotaka kuwahubiri. Dhoruba ikawapotezea nanga na mitumbwi yao midogo. Mwezi wa Februari 1851 mashua Pioneer ilivunjika katika ghuba iitwayo Spaniard Harbour, wakaigeuza mabaki yake kuwa kibanda. Baadaye barafu ikaurarua wavu wa samaki. Mipango ya kuwaletea chakula kupitia Visiwa vya Falkland ilishindikana, kwa maana hakuna chombo kilichopatikana kwenda huko kwa wakati.

Waliacha maandishi juu ya miamba na katika chupa zilizofukiwa, kuonyesha chombo chochote kitakachokuja mahali pa kuwatafuta. Ikaja baridi ya mwezi wa Juni, na pamoja nayo ugonjwa wa kiseyeye. Walikula kome waliookotwa miambani, mwani, panya, mbweha mmoja, na hata mbegu za bustani walizokuja nazo ili wapande. Mwishoni mwa Juni Badcock akafa, akiimba wimbo wa sifa pamoja na Dk. Williams mpaka pumzi ikamwishia. Mwishoni mwa Agosti wakafa Erwin na Bryant, na Maidment, ingawa hakuwa na nguvu, akawazika. Mwanzoni mwa Septemba Maidment naye akaenda asirudi. Gardiner alibaki peke yake kando ya mashua iliyovunjika, asiweze kutembea.

MAKABIDHIANO YA ZAMU

Baharia anapomaliza zamu yake hawezi kwenda kulala hivi hivi. Kwanza humkabidhi anayemfuata: upepo unatoka wapi, merikebu inaelekea wapi, hatari iko wapi. Ndivyo alivyofanya Kapteni Gardiner. Katika siku zake za mwisho hakuandika manung'uniko. Aliandika barua za kuiaga jamaa yake. Kisha aliandika mpango wa kazi, hatua kwa hatua, kwa ajili ya watakaokuja. Iwekwe misheni katika Visiwa vya Falkland. Wachukuliwe baadhi ya wenyeji kwa hiari yao wakae hapo, ili wahubiri wajifunze lugha yao. Ipatikane merikebu ndogo, si mashua. Ndipo waende Nchi ya Moto. Alikuwa amejifunza makosa yake yote, akayaandika yawe faida kwa wengine.

Maandishi yake ya mwisho katika kitabu cha kumbukumbu ni ya tarehe 5 Septemba 1851. Aliandika kwamba ingawa amekaa siku kadhaa bila chakula, hasikii njaa wala kiu, na kwamba rehema za Mungu kwake ni kubwa. Kesho yake alimwandikia Dk. Williams maneno machache. Yaelekea alifariki siku hiyo au baada yake kidogo, akiwa na umri wa miaka 57.

Mwezi wa Oktoba nahodha mmoja aliyetumwa kutoka Montevideo alifika akawakuta wamekufa, na dhoruba ikamfukuza. Mwezi wa Januari 1852 manowari ya Kiingereza Dido, chini ya Kapteni Morshead, ilifika pia. Penye mlango wa pango waliona mkono uliochorwa kwa rangi ukielekeza ndani, na chini yake Zaburi ya 62, mstari wa 5 mpaka wa 8. Heri msomaji aifungue Biblia yake aisome mistari hiyo, akikumbuka ni nani aliyeichagua, na katika hali gani. Mwili wa Gardiner ulikuwa kando ya mashua. Mabaharia waliwazika kwa heshima ya kijeshi, bendera zikiwa nusu mlingoti na bunduki zikipigwa mara tatu. Karatasi zake zilikutwa pale, nazo zilisomeka.

MATUNDA

Habari zilipofika Uingereza watu wengi walikasirika. Magazeti yaliuliza faida gani imepatikana kwa kupoteza watu 7 namna ile. Swali lao lilikuwa la haki. Lakini katibu wa chama, Padre G. P. Despard, alitangaza kwamba kwa msaada wa Mungu kazi itaendelea. Mpango ulioandikwa na mtu aliyekuwa akifa kwa njaa ulifuatwa karibu neno kwa neno. Merikebu ilijengwa, ikapewa jina la Allen Gardiner, ikasafiri mwaka 1854. Misheni ikawekwa katika kisiwa cha Keppel, Falkland. Na mwaka 1856 akafika huko katekista kijana ambaye jina lake lilikuwa Allen Gardiner pia. Alikuwa mwanawe. Baadaye kijana huyo akawa padre, akafanya kazi Chile.

Mtoto ambaye baba yake alikufa kwa ajili ya kazi fulani angeweza kuichukia kazi hiyo maisha yake yote, na nani angemlaumu? Huyu aliichukua. Hapo twaweza kujua baba alikuwa mtu wa namna gani nyumbani kwake.

Njia haikuwa rahisi hata baada ya hapo. Mwaka 1859 wahubiri na mabaharia 8 waliuawa huko Wulaia, Jumapili, wakiwa katika ibada. Tena wengine wakaenda. Mwaka 1869 Padre Waite Stirling aliishi peke yake miezi kadhaa kati ya Wayaghan huko Ushuaia, na mwishoni mwa mwaka huo akawekwa wakfu kuwa Askofu wa kwanza wa Falkland. Thomas Bridges, aliyefika Keppel akiwa mvulana, aliijua lugha ya Kiyaghan hata akatunga kamusi yenye maneno zaidi ya 30,000, na mwaka 1881 Injili ya Luka ikapigwa chapa katika lugha hiyo. Darwin mwenyewe alikiri kwamba alikosea kudhani watu wale hawawezi kufundishika, akawa akituma mchango wa fedha kwa misheni.

Lakini hatutasema kwamba mwisho ulikuwa wa furaha tu. Wageni wengine wengi waliifuata njia ile, wakaja na magonjwa. Surua iliyoingia Ushuaia mwaka 1884 iliua Wayaghan wengi sana. Mzee wa mwisho aliyeisema lugha hiyo tangu utoto, Bibi Cristina Calderón, aliaga dunia huko Chile mwaka 2022. Kamusi ya Bridges imebaki kuwa ushahidi kwamba watu walioitwa duni walikuwa na lugha yenye utajiri mkubwa.

Chama kile kidogo cha Brighton kilibadili jina mwaka 1864 kikaitwa Chama cha Misheni cha Amerika ya Kusini, kikaenda Chile, Argentina na Paraguay. Leo katika Argentina ya kaskazini liko Kanisa la Anglikana ambalo wengi wa waumini wake ni wenyeji wa kabila la Wawichi, na wachungaji wao ni wa kabila hilo. Mwaka 2010 chama hicho kiliungana na C.M.S., ndicho chama kilichowaleta wahubiri wa kwanza kwetu. Hivyo wale mapacha wa mwaka 1844 wamekuwa nyumba moja.

FUNDISHO KWETU

Wapendwa, Allen Gardiner hakuwa mtu asiye na kosa. Alikuwa na haraka. Mara nyingine alikwenda bila kujiandaa vya kutosha, na waliolipa gharama ni wengine pia: wale wakimbizi wa Natal, wale wenzake 6, na mkewe Elizabeth aliyebaki mjane. Tukimsifu tusiwasahau hao. Na sisi tunapopanga kazi ya Bwana tusifikiri kwamba imani ni sababu ya kutohesabu vifaa. Bwana mwenyewe alifundisha kuketi kwanza na kuhesabu gharama.

Lakini yako mambo mawili ambayo kila mmoja wetu anaweza kuyachukua. La kwanza: jeshi lilipomwambia hapana kazi tena, alikuwa na nguvu za miaka 25 bado ndani yake, akampa Mungu zote. Katika mtaa wetu wako wazee waliostaafu jeshini, polisi, reli, bandarini, shuleni na hospitalini. Msikubali kuwekwa kando. Kanisa lina haja ya hekima yenu na nidhamu yenu. Vijana wa kipaimara wanahitaji mtu wa kuwafundisha kusimama imara.

La pili: alipoona kwamba hatafika, alijishughulisha na kuwaandalia wengine njia. Sisi sote siku moja tutaiacha zamu. Tutamkabidhi nani? Tutaacha maneno gani kwa watoto wetu: malalamiko, au njia iliyoandikwa vizuri, pamoja na makosa yetu ili wao wasiyarudie? Mkulima hupanda mnazi akijua kwamba wajukuu ndio watakaokunywa madafu yake.

Basi tutakapoketi kimya katika Jumapili ya ukumbusho, tuwakumbuke waliokufa vitani, na tuwaombee. Kisha tugeuke tumtazame mzee aliyekaa karibu nasi katika benchi, tumsalimu, tumwulize habari zake. Na kila mmoja amwombe Mungu ampe neema ya kulinda zamu yake mpaka mwisho.

Mungu awabariki nyote. Amina.